Ushauri: Nifundisheje habari ya United Fruit Company na Guatemala?

Mwl_Historia: Wakuu, nina vipindi viwili kidato cha sita. Wanafunzi wanarukia mapinduzi ya 1954 yaliyomwangusha Rais Jacobo Árbenz, kana kwamba kampuni hiyo ya ndizi ya Marekani ilinunua jeshi na kazi ikaisha. Nianzie wapi waone nguvu ile ilitoka wapi?

Nyanda: Mwalimu, anza na reli. Chora ramani ubaoni: Puerto Barrios, wakati huo bandari kuu ya Guatemala upande wa Atlantiki, na reli ya IRCA (kampuni ya reli ya Amerika ya Kati) iliyofika hapo. Gati lilikuwa mikononi mwa kampuni, na kwenye reli ilikuwa na hisa za kutosha kuiamulia. Barabara ya kushindana nayo haikuwepo, kwa hiyo hata mwenye kahawa alilipa nauli aliyopangiwa. Halafu weka mkataba wa 1936 wa enzi za dikteta Jorge Ubico: miaka 99, pamoja na misamaha mikubwa ya kodi.

Shomari K: Kipindi cha pili wape hesabu, ndipo penye utamu. Amri namba 900 ya Juni 1952, sheria ya Árbenz ya mageuzi ya ardhi, ilitwaa ardhi isiyolimwa kwenye mashamba makubwa. Kampuni ilikuwa nayo tele, kwa sababu ugonjwa wa Panama hukaa udongoni na kuua migomba aina ya Gros Michel, nayo ilizoea kuhamia ardhi mpya badala ya kutibu. Mwaka 1953 zikachukuliwa ekari kama 210,000 huko Tiquisate. Serikali ya Árbenz ikatoa dola 627,572 kwa hati fungani za miaka 25, ikifuata thamani ambayo kampuni yenyewe ilitangaza kwa ajili ya kodi. Washington ikadai 15,854,849. Wagawe kwa ekari: dola 3 dhidi ya 75. Hapo wataelewa ugomvi bila hotuba.

Nyanda: Na usiwaache waamini ni ndizi tupu. Hofu ya ukomunisti ilikuwa ya kweli kwa Rais Eisenhower wa Marekani. Kampuni iliichochea kwa kumtumia Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma, kuwapeleka waandishi wa habari Guatemala. Árbenz alijiuzulu 27 Juni 1954 baada ya maofisa wake kukataa kupigana, wakihofia majeshi ya Marekani, si kikosi kidogo cha kiongozi wa waasi, Castillo Armas. Siku chache baadaye serikali hiyohiyo ya Marekani ikaishtaki kampuni kwa kuhodhi soko.

Mwl_Historia: Honduras 1911 inafaa kulinganisha?

Shomari K: Inafaa sana, ila pale Sam Zemurray, mwenye kampuni ya ndizi ya Cuyamel, alimgharimia yeye mwenyewe rais wa zamani Manuel Bonilla meli na mamluki ili arudi madarakani. Wape kama kazi ya nyumbani: nani alilipa, nani alipigana, nani alipata msamaha wa kodi.