Naomba ushauri: likizo, ruhusa na livu

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu barua niliyopewa na mwajiri wangu hapa Tanzania baada ya kuomba siku chache za kumuuguza mama. Mimi niliandika "likizo", lakini barua imesema "ruhusa ya kutokuwapo kazini", na haikutaja malipo wala kama siku hizo zitakatwa kwenye likizo ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni siku 28 mfululizo.

Nijuavyo, likizo limetokana na kitenzi likiza, yaani kumwachia mtu, ambacho wazee hukitumia pia kwa kumwachisha mtoto ziwa; ruhusa ni la Kiarabu, na livu, linalosikika sana maofisini, ni la Kiingereza. Katika mazungumzo hatuyatofautishi, ila kwenye barua ya mwajiri tofauti hiyo inanitia wasiwasi, kwa kuwa inagusa mshahara.

Wenye uzoefu wa utumishi, je, "ruhusa" ina maana yake pekee kiutaratibu? Na nimwombe mwajiri ufafanuzi wa maandishi kabla ya kusaini?