Mjadala: Wahindi wa Kenya ni kabila la 44, au ni rangi iliyovishwa kanzu ya kabila?

Mwana wa Makadara:
Juzi nilimsindikiza jirani yangu kufuata karatasi za mtoto wake. Jirani ni Bohora, Mwislamu wa Kishia mwenye asili ya Gujarat, muuza achari na mabuyu, na Kiswahili chake cha Mvita hata mimi hunisahihisha. Karani alipofika penye kabila aliinua macho mara moja tu, akaandika "Mhindi" kabla jirani hajafungua mdomo. Sasa nauliza: aliandika kabila au aliandika ngozi?

Mnakumbuka Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Miezi michache kabla yao Wamakonde walishatambuliwa kuwa wa 43. (Uchaguzi ulikuwa Agosti, tusijisahaulishe.) Wamakonde nawaelewa, lugha yao moja na ngoma zao moja. Hao wa 44 ni nani? Mgujarati, Kalasinga kutoka Punjab, Mgoa Mkatoliki mwenye jina la Kireno: hawasali pamoja, hawazikani pamoja, na kuoana kwao ni kwa nadra. Aliyewatia kapu moja ni mkoloni, aliyegawa watu kwa rangi, Mzungu, Mwasia, Mwarabu, Mwafrika, kila mmoja na shule yake na mtaa wake. Rangi ni kile mwenzako anachokiona kwako kabla hujasema neno. Kabila ni yale uliyolelewa nayo nyumbani.

Bi Kiranja:
Wasema kana kwamba makabila mengine yalishuka na mvua! Kabla ya miaka ya 1940 nani alijiita Mkalenjin? Kulikuwa na Wanandi, Wakipsigis, Watugen. Neno Kalenjin lenyewe maana yake "nakuambia". Na sisi Wamijikenda je? Wagiriama, Wadigo, Warabai na wenzao, tisa kwa jumla, na hilo jina moja si la kale. Kapu ni kapu.

Mwana wa Makadara:
Hapo umenibana, nakubali. Lakini Mgiriama na Mrabai wanasikilizana wakizungumza, na kapu lao walilisuka wenyewe. Mimi naangalia mkono uliosuka.

Msafiri wa Ganjoni:
Mimi ni mmoja wa hao mnaotugawa. Nyumbani kwetu twasema Kikachhi, lugha ya Kachchh huko Gujarat. Nikiwa London naitwa Mwasia. Nikivuka Marekani nikasema mimi Mwasia, wenyeji wanamtafuta Mchina. Niliposhuka Gujarat wakaniita Mwafrika. Ngozi ni hii hii moja, nayo imebadilishwa jina mara tatu kwa pasipoti moja. Kikachhi changu hakuna aliyekigusa.

Ila Makadara, hilo la mkono uliosuka halikufai, maana hili la 44 watu wetu ndio walioliomba. Kenya hii usipokuwa na kabila wewe ni mgeni. Makhan Singh, Kalasinga kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizuiliwa tangu 1950 hadi 1961 kwa kudai uhuru. Pio Gama Pinto, mwanasiasa Mgoa, aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965. Na bado mwanangu huulizwa shuleni, "Nyinyi mnarudi kwenu lini?" Kwenu wapi, mjomba? Ganjoni, hapa hapa Mombasa?

Fundi Likoni:
Pole kwa mtoto. Lakini na nyinyi mseme. Mimi nina mvi, na tajiri wangu wa zamani alikuwa akiniita "boi" mbele ya wanangu. Hakuniuliza mimi Mdigo au Mkamba. Hiyo nayo ni rangi, au mnaihesabu upande mmoja tu?

Msafiri wa Ganjoni:
Ni rangi, Mzee. Shikamoo. Baba yangu alilisema neno hilo mpaka anakufa, na sikuwahi kumkanya.

Fundi Likoni:
Marahaba.

Mwana wa Makadara:
Nimerudi kwa jirani kumuuliza: karani angengoja, ungejibu nini? Amecheka. "Ningesema Bohora, naye angeniuliza hiyo ni dini au kabila, na foleni ilikuwa imefika barabarani."