Kivumbasi: tuliokulia kusini, tupeane uzoefu

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Niko Newala. Jana nikipalilia mikorosho nilikuta kichaka cha kivumbasi, nikainua jembe, harufu ikanipanda puani, jembe nikalishusha. Kilikuwa na vimaua vyeupe vimepanda ngazi kwa ngazi, nyuki wamekijaa.

Bibi alitufukiza nacho miezi ile ya kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, tunaporudi shambani pua zimeziba. Sufuria ikitokota anaiepua, anatufunika vitenge viwili, hutoki mpaka jasho likutiririke. Pua zilifunguka kweli. Mafua yenyewe yalikwenda kwa siku zake. Nyie mlikitumiaje?

Mama wa Mikindani: Kwetu kilikuwa cha mbu. Magharibi mama anatupia matawi mabichi kwenye jiko la mkaa uani, moshi unatanda, tunakula kwa amani. Kulala nalala ndani ya chandarua, lakini barazani nachoma mpaka leo.

Wa Nachingwea: Mbaazi za mbegu! Baba alikausha majani, akayatwanga, akayachanganya nazo kabla ya kufunga gunia. Hazikubunguliwa mpaka mvua za kupandia.

Dada wa Lindi mjini: Mimi langu linauma. Mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na homa, tukamwogesha maji ya kivumbasi siku mbili. Joto likishuka tunashukuru, usiku linarudi. Siku ya tatu degedege. Zahanati wakamtoboa kidole, malaria, wakatuandikia rufaa hapo hapo. Alipona, Alhamdulillah. Nikikumbuka, kilichokuwa kikimpoza ni yale maji tu. Zile siku mbili bado zinaniuma.

Wa Newala: Pole sana, dada yangu, na ahsante kwa kulisema. Kivumbasi ni ndugu wa mrehani, na kile kikubwa kina mafuta ya yujenoli (eugenol), yale yale yanayoipa karafuu harufu yake. Ndiyo maana kinapenya puani na mbu hawakipendi. Malaria ni vimelea ndani ya damu, harufu haivifikii. Mtoto wangu akichemka sasa, kipimo kwanza, dawa mseto kama imeonekana. Na wadogo tusiwafunike na sufuria ya moto. Binamu yangu ana kovu la paja tangu utotoni kwa mvuke huo huo.

Wa Tandahimba na Kilwa mko wapi? Kuna aliyekunywa chai yake kwa tumbo la gesi?