Kumbukumbu ya Seneca Village: iwekwe palepale, au popote ndani ya Central Park inatosha?

Mtembezi wa Harlem
Wakuu, salaam. Nina miaka kumi na moja New York, na kila mgeni akija kutoka nyumbani lazima nimpeleke Central Park. Mwezi uliopita alikuja mjomba na mkewe. Tukaingilia upande wa magharibi, mtaa wa 85. Nikawaonyesha miamba na majani, nikawaambia: hapa mnapokanyaga palikuwa na kijiji, kikiitwa Seneca Village. Watu weusi huru walianza kununua viwanja hapa mwaka 1825, miaka miwili kabla utumwa haujakomeshwa katika jimbo la New York. Walikuwa na makanisa matatu, shule na makaburi. Mwaka 1853 bunge la jimbo likaruhusu eneo litwaliwe ili ijengwe bustani, na kufika 1857 hakuna aliyebaki. Mjomba akanikata: "Tumekuja kutembea, usitukalishe matanga."

Neno hilo sijalimeza hadi leo. Mwaka 2019 jiji lilitangaza kumbukumbu ya familia ya Lyons, watu weusi waliopinga utumwa na waliokuwa na mali hapo kijijini. Ila mahali palipotajwa ni mtaa wa 106, kaskazini kabisa, wakati kijiji kilikuwa kati ya mtaa wa 82 na wa 89. Wanahistoria walilalamika. Naomba maoni yenu: kumbukumbu ya namna hii iwekwe palepale, au popote ndani ya bustani inatosha?

Mthamini
Mimi sioni hata haja ya kumbukumbu. Serikali ilihitaji eneo, ikalitwaa kwa sheria, watu wakalipwa fidia. Jambo limekwisha. Kila jiji kubwa limehamisha watu, vinginevyo pasingekuwa na bustani wala barabara wala bandari. Leo mamilioni wanapumzika pale, weusi kwa weupe. Na nimewahi kusoma kwamba wengi wao walikuwa wavamizi tu, wamejenga vibanda.

Kaka wa Likoni
Ndugu Mthamini, hilo neno la mwisho lirudishe mfukoni. Sisi huku pwani tunaitwa maskwota katika ardhi ambayo babu wa babu yangu amezikwa ndani yake. Mtu akija na hati kutoka mbali, wewe uliyezaliwa chini ya mwembe unageuka mgeni kwa siku moja. Mimi nikisikia "wavamizi" sisubiri kuambiwa ni nchi gani, najua kitakachofuata.

Mjukuu wa Mkunazini
Kaka umesema kweli tupu. Na walikuwa wengi, elfu tano kama sijakosea, wakafukuzwa na huyo Olmsted aliyechora bustani, anayesifiwa hadi kesho.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, tusibishane kwa namba za kuokota. Hesabu ya watu ya 1855 inaonyesha kijiji chenyewe kilikuwa na watu kama 225. Theluthi mbili weusi, waliobaki wengi wao Waairishi. Eneo zima la bustani ndilo lililotolewa watu wapatao 1,600. Na Olmsted tusimbebeshe lisilo lake: mchoro wake na mwenzake Vaux ulishinda shindano mwaka 1858, wenyeji walishatolewa mwaka mmoja nyuma.

Sasa nije kwa Mthamini. Hilo la wavamizi umelisoma kweli, kwa sababu magazeti ya wakati ule ndivyo yalivyoandika. Lakini wa kwanza kununua pale alikuwa Andrew Williams, kijana wa miaka 25, kazi yake kung'arisha viatu. Alinunua viwanja vitatu kwa dola 125, kwa hati. Kibarua mmoja, Epiphany Davis, alinunua kumi na viwili kwa dola 578. Mvamizi gani anatoa pesa yake mfukoni akapewa hati? Katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, na mzungu hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo kiwanja pale kilikuwa nyumba, na kilikuwa kura pia.

Mthamini
Nakubali neno "wavamizi" si sahihi kwa wenye hati, nalifuta. Hoja yangu inabaki: walilipwa. Huyo huyo Williams alinunua kwa 125, akalipwa zaidi ya elfu mbili. Hapo dhuluma iko wapi?

Mwalimu Mstaafu
Alilipwa dola 2,335. Yeye alidai 3,500, maana alikuwa na nyumba juu ya viwanja hivyo na amekaa miaka thelathini na zaidi.

Bi Zawadi
Nilikuwa nasoma tu, lakini hilo la "walilipwa" limeniamsha. Kaka Mthamini, unalitamka kana kwamba ni dawa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba huko kwetu Pwani. Mwaka 1986 walikuja watu na kamba na rangi, wakasema barabara inapita. Ukuta wa jikoni ukapigwa X nyekundu. Walihesabu minazi kumi na minane na mikorosho sita, wakaandika. Ardhi yenyewe hawakuiandika. Bibi akauliza, na hapa ninaposimama? Wakamwambia ardhi haina bei, ni mali ya taifa. Alipolipwa ilikuwa mwaka wa tatu, na pesa ile ilitosha mabati ya chumba kimoja. Barabara ilipita pembeni. Shamba lake limejengwa ghala hadi leo. Hakuwahi kusema ameibiwa, alikuwa akisema "walinilipa", kisha ananyamaza. Basi ukisema "walilipwa, jambo limekwisha", mimi ninausikia ule ukimya wa bibi.

Kaka wa Likoni
Pole dada Zawadi. Pole sana.

Mthamini
Dada Zawadi, pole, na sisemi kwa kujihami. Nimefanya uthamini miaka kumi na tisa, nimetukanwa mbele ya wanangu sokoni, nimefukuzwa kwa panga mara moja. Mthamini hapangi barabara ipite wapi. Anapewa ramani na jedwali la bei, anahesabu. Enzi za bibi yako, ardhi tupu haikulipwa, ulilipwa maendelezo tu: nyumba, minazi, mikorosho. Ndiyo sababu waliihesabu miti. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ndiyo iliyosema ardhi yenyewe ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Bibi yako alikutwa upande wa nyuma wa sheria. Siyo kosa la aliyeshika kamba.

Bi Zawadi
Sikukushitaki wewe, kaka. Lakini aliyeshika kamba alikunywa maji ya bibi yangu, akamwita mama, na alijua kwamba ardhi haiandikwi.

Mthamini
Alijua, ndiyo.

Mjukuu wa Mkunazini
Naona tumeshavuka bahari tumerudi nyumbani, na mimi nitafuata njia hiyo hiyo. Mimi ni wa Unguja mjini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na mwaka huo huo kanisa likaanza kujengwa palepale. Wenyewe wanasema madhabahu imekaa pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu. Nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni. Mgeni akifika hapo hana pa kukimbilia, unaona kabisa uso unambadilika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema sanamu zile zipelekwe Bububu kwa kuwa huko kuna nafasi zaidi. Basi na hao wa New York waache kupeleka marehemu mtaa wa 106.

Kaka wa Likoni
Umemaliza. Anayetaka kunipa pole aje nyumbani kwangu, asisimame kwa jirani akapaza sauti.

Mthamini
Lakini Mkunazini nayo ni biashara, watu wanalipia kuingia. Mnataka Central Park nayo iwe hivyo? Huzuni ya tiketi?

Mjukuu wa Mkunazini
Wewe bwana, watu wanaoongoza wageni pale ni vijana wa mtaani kwetu, wanajua wanachokisema na wanakisema kwa heshima. Kaka yangu amefanya kazi hiyo. Usiwaite wachuuzi wa huzuni. Kama ungewahi kuingia mle chumbani chini, wanamosema watumwa walifungiwa, ukainama mpaka mgongo ukauma, usingeandika hivyo.

Mthamini
Sijaingia. Sikusudii kumvunjia heshima kaka yako.

Mtembezi wa Harlem
Nirudishe mjadala kidogo. Mwaka 1991 hapa hapa Manhattan, walipokuwa wakichimba msingi wa jengo la serikali, namba 290 Broadway, walikuta mifupa. Ni makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, wa karne ya 17 na ya 18. Mabaki ya watu 419 yalitolewa. Watu weusi wa jiji wakasimama kidete: mikesha, maandamano, wakaenda hadi Washington. Ujenzi wa sehemu ile ukasimamishwa. Mwaka 2003 mifupa ikazikwa upya palepale, na 2006 pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Ukienda leo utaona nyasi zimevimba sehemu saba, ndipo walipolala. Palepale, katikati ya maofisi. Kwa hiyo inawezekana.

Kitu kimoja sikisahau. Mmoja wa waliozikwa alikuwa mwanamke mtu mzima, meno yamechongwa, na kiunoni amevaa shanga zaidi ya mia, na kauri ndani yake. Alizikwa nazo.

Bi Zawadi
Shanga kiunoni? Ya Rabi. Aliyemwosha maiti yule hakuzivua. Mnaelewa maana yake? Kuna mwanamke mwenzake aliyemwosha, akaziona, akajua zisivuliwe.

Kaka wa Likoni
Lakini dada, wale wengi walitoka Afrika Magharibi. Siyo kwetu.

Bi Zawadi
Hata akitoka mwezini. Mimi nimevaa shanga tangu nina miaka sita, aliyenivisha ni bibi huyo huyo wa minazi kumi na minane. Usinipimie ukoo kwa ramani.

Kaka wa Likoni
Nimenyamaza, dada.

Mwalimu Mstaafu
Hapa Bi Zawadi amegusa jambo. Seneca Village nako walichimba, mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya kuomba ruhusa. Wakapata msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, mhudumu wa kanisa la All Angels'. Yeye, mkewe Charlotte na watoto wanane. Wakapata birika la chuma, chombo cha kuokea nyama, na kiatu kidogo chenye soli ya ngozi. Ukishaona birika la mtu huwezi tena kusema "vibanda vya wavamizi". Na birika lile halikukutwa mtaa wa 106. Ndiyo maana mahali pana uzito: maneno unaweza kuyachonga popote, lakini jiko la Charlotte lilikuwa sehemu moja tu duniani.

Mthamini
Mwalimu, mimi nauliza kama mtu wa fani. Tuseme kumbukumbu inawekwa palepale. Inasema nini? Kama itasema "hapa walidhulumiwa", mtu atajibu kama nilivyojibu mimi, kwamba walilipwa. Naona shida iko kwenye jedwali. Nyumba ya Williams ina bei, kiwanja kina bei. Kanisa analosali, jirani anayemlindia mtoto, ile haki ya kupiga kura mliyoitaja, hakuna safu ya kuandika. Kazini tuna posho ya usumbufu, ni asilimia tu ya kile ulichokwisha kukihesabu. Nimeijaza mara nyingi sana bila kujiuliza usumbufu wenyewe ni nini.

Mjukuu wa Mkunazini
Basi ndiyo kiandikwe hicho. Alinunua kwa kiasi hiki, alidai kiasi hiki, alipewa kiasi hiki. Jina lake juu. Msomaji ajaze mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu
Na iandikwe pia kwamba hawakuhamia mahali pamoja. Kijiji kilitawanyika. Kanisa la All Angels' liliendelea kwingine, lakini kijiji hakikusimama tena popote.

Bi Zawadi
Kaka Mthamini, nikuulize kitu cha kweli. Karatasi ya bibi bado ipo, kwenye kisanduku cha mama. Imeandikwa miti, na chini kuna dole gumba. Inaweza kusaidia chochote leo?

Mthamini
Kwa fidia, sikudanganyi, ni vigumu sana baada ya miaka hii. Lakini usiitupe. Angalia juu kama imeandikwa eneo litatumika kwa shughuli gani. Kama inasema barabara, na leo ni ghala, hilo ni swali halali la kupeleka kwa mwanasheria wa ardhi. Ipige picha pande zote mbili kabla wino haujafutika. Ukiwa tayari niandikie pembeni, nitakusomea vifupisho, sisi wenyewe tuliviandika vibaya.

Bi Zawadi
Nakwenda kwa mama Jumamosi.

Kaka wa Likoni
Na wewe Mtembezi, mjomba wako yuko wapi sasa?

Mtembezi wa Harlem
Karudi Morogoro. Kuna kiwanja chake cha urithi anachogombania na halmashauri, tangu mwaka juzi. Jana nimemtumia picha ya ile sehemu ya mtaa wa 85, ambapo 2019 waliweka mabango ya maelezo, na nikamwandikia jina la Williams na zile namba tatu, 125, 3,500 na 2,335. Hajajibu, ila ameiona.