Nimehamishiwa Dodoma, apatimenti ziko Tabata: nisimamie mwenyewe au nimpe msimamizi?

MamaWaSegerea (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtumishi, barua ya uhamisho imenikuta mwezi uliopita, naripoti Dodoma wiki mbili zijazo. Naacha jengo moja Tabata Segerea lenye apatimenti nne: chumba cha masta, sebule, jiko. Kila moja 250,000 kwa mwezi, wapangaji wanalipa miezi sita sita. Mpaka leo nasimamia mwenyewe kwa sababu nakaa Kinyerezi, bodaboda kidogo tu nimefika.

Kuna kijana mwenye ofisi ya udalali pale mtaani amesema nimwachie kila kitu kwa asilimia 10: kukusanya kodi, kutafuta wapangaji, kuita mafundi. Hiyo ni laki moja kwa mwezi, milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Mimi nimepiga hesabu ya treni. SGR daraja la kawaida Dodoma–Dar ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Hata nikija kila mwezi natumia 744,000 kwa mwaka. Nabaki na 456,000 na nyumba nimeiona kwa macho yangu.

Mume wangu anasema hesabu hiyo haijakamilika, lakini hasemi inapungukiwa nini. Nisaidieni. Nawasilisha.

FundiBomba_Buguruni

Nauli umepigia hesabu, karo la choo hujalipigia. Karo likifurika Jumanne saa nne usiku utapanda treni?

MzeeWaFremu

Mwanangu, mimi nina vyumba Mbagala na fremu tatu za biashara Temeke, mwaka wa kumi na tisa sasa, sijawahi kumpa mtu usimamizi. Ngoja nikuongezee hesabu mbili ambazo kijana wa udalali hawezi kukupigia.

Ya kwanza. Wapangaji wako wanalipa miezi sita sita. Wapangaji wanne, mara mbili kwa mwaka, ni malipo nane. Huyo kijana anataka milioni moja na laki mbili kwa kukusanya kodi mara nane! Laki moja na nusu kwa kila mpangaji anayebonyeza simu kukutumia hela. Ndiyo maana nakwambia hata wewe kuja kila mwezi ni kupoteza nauli. Unakuja kufuata nini?

Ya pili ndiyo kubwa, isome taratibu. Hapa Dar mpangaji mpya anampa dalali kodi ya mwezi mmoja. Sasa dalali huyohuyo akiwa ndiye msimamizi wako, mpangaji aliyetulia anamwingizia 25,000 kwa mwezi. Mpangaji mpya anamwingizia 250,000 kwa siku moja. Miezi kumi ya mtu mtulivu ni sawa na siku moja ya mtu mgeni. Usiniambie kijana ni mwaminifu, huenda ni mwaminifu kweli. Lakini bomba likivuja kwa mpangaji wa miaka mitatu, atakimbia? Mkataba ukiisha, atambembeleza abaki? Njaa yake inaomba mtu ahame.

Niliwahi kuwa na jirani, jengo lake zuri kuliko langu, wapangaji hawamalizi mwaka. Akadhani nyumba ina mapepo. Hakuna pepo pale, palikuwa na dalali.

MamaWaSegerea

Mzee shikamoo. Hiyo ya pili imenitoa jasho. Sikuwahi kuiwaza hivyo.

Msimamizi_Kazini

Naomba nijibu kwa upande wetu tunaokula kwa kazi hii, maana tunasemwa kama wezi wote.

Nasimamia majengo ya watu Sinza na Mikocheni. Asilimia 10 ni kawaida, na kwa jengo la apatimenti kumi na tano inalipa. Kuna mlinzi, kuna pampu ya kisima, jenereta, kila wiki kuna anayehamia au anayehama. Mwenye nyumba hawezi kufanya hiyo kazi na kuwa na ajira nyingine. Lakini dada, nakwambia ukweli hata kama wenzangu watanikasirikia: apatimenti nne kwa laki moja kwa mwezi mimi siichukui. Nikienda mara nne kwa mwezi, simu, kugombana na mafundi, nabaki na nini? Anayekubali kazi hiyo kwa bei hiyo ana mahali pengine anapoijazia. Mzee ameshakutajia udalali. Pengine ni kwa fundi: koki ya 12,000 inaandikwa 35,000, na risiti utaletewa, tena yenye muhuri.

Mzee naye nampinga kidogo. Ametaja nyumba ikiwa na watu, hakutaja ikiwa tupu. Ile 456,000 anayoiokoa mleta mada, apatimenti moja ikikaa wazi miezi miwili inameza 500,000. Mwenye nyumba aliye mbali anachelewa kujua mpangaji anaondoka, anachelewa kupaka rangi, wateja wanafika mlango umefungwa na funguo ziko Dodoma. Funguo, dada! Watu hufikiria pesa kwanza, kumbe kinachosumbua ni nani ana funguo.

Mtumwa_wa_Muscat

Assalam aleikum. Nyie mnazungumza dalali na msimamizi, hamjamtaja mtu wa tatu: ndugu wa damu. Mimi nipo Muscat, Oman, mwaka wa kumi na moja, nyumba ipo Mwanakwerekwe, Unguja. Sikutaka mtu baki, nikampa mtoto wa mamkubwa. Mshahara sikumpa, kwani ndugu unampa mshahara? Nikimpelekea zawadi ya Idi tu.

Mwaka wa kwanza pesa ikaja yote. Wa pili ikaja nusu, nyengine "imeingia kwenye paa". Wa tatu paa tena. Nilipokwenda likizo nikatizama juu, mabati ni yaleyale niliyoyaacha. Na siwezi kumshitaki, siwezi hata kupaza sauti, maana mamkubwa yupo na ndiye aliyenilea. Mtu baki ningemtoa siku ileile.

Nikikaa peke yangu naona kosa nimelianza mimi. Mtu umemtwisha kazi miaka mitatu bila ya ujira, ujira ataukata mwenyewe, tena hatokuuliza kiasi gani. Sasa hivi yumo mwengine, namlipa, na kodi inaingia benki kwa jina langu. Yeye hashiki hata senti.

Kisauni254

Salaam kutoka Mombasa. Kwanza mnanichekesha na hilo neno dalali. Huku kwetu Kenya ukisikia dalali amekuja, jua kitanda na kabati ziko njiani kupigwa mnada. Anayetafutia watu nyumba twamwita ajenti au broka.

Nina bedsita, nyumba za chumba kimoja, kumi na mbili Kisauni. Nina ajenti wa asilimia 8 na keateka, mwangalizi wa jengo, anayeishi pale chini. Wapangaji walipa kila mwezi, si miezi sita kama nyinyi, kwa hivyo kukusanya ni kazi ya kweli: tarehe tano wamelipa saba, tarehe kumi wamelipa tisa, watatu hawashiki simu. Hapo ajenti ala jasho lake. Kabla hujampa mtu, sheria yetu yataka awe amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba. Uliza cheti, wengi huanza kujikuna kichwa.

Na jambo moja la serikali. Kodi ya KRA, mamlaka yetu ya mapato, kwa nyumba za kukaa ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10, kwa mwenye mapato ya kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Lakini ni ya mapato ghafi. Kile unachomlipa ajenti hukitoi kwanza. Nikipata laki moja, serikali yachukua 7,500 na ajenti 8,000, kila mmoja akihesabu kutoka ile laki nzima. Wengi huona asilimia 8 ndogo kwa kuwa hawaziweki hizo mbili pamoja.

MpangajiWaKudumu

Wenye nyumba mmeongea, sasa msikilizeni anayewalipa.

Nimepanga nyumba saba Dar. Mwenye nyumba anayesimamia mwenyewe ana faida moja, ukimwambia pampu imekufa anaamua hapohapo. Hasara yake anaamua pia saa kumi na mbili asubuhi Jumapili kuja kuhesabu watu waliolala ndani. Msimamizi hakusumbui, lakini wengi hawana ruhusa ya kununua hata koki. "Ngoja nimpigie bosi." Bosi yuko Marekani, kule ni usiku. Nimeoga kwa ndoo wiki mbili kwa sababu ya ngoja nimpigie bosi.

Halafu mtuambie ukweli kuhusu LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, lakini tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mimi. Mwenye nyumba aliyewahi kunipunguzia hiyo 1,500 kwenye kodi bado hajazaliwa. Ukimuuliza msimamizi anasema hilo la mwenye nyumba, ukimuuliza mwenye nyumba anasema hilo la TANESCO, watu wa umeme.

MzeeWaFremu

Hiyo ya LUKU umenipiga mle mle kijana wangu. Nitaitazama.

Mleta mada, nilivyoona mimi: chagua mpangaji mmoja aliyetulia, mpunguzie 50,000 kwenye kodi yake, awe macho yako. Laki sita kwa mwaka. Nusu ya dalali.

MpangajiWaKudumu

Mzee hapo hapana. Mpangaji aliyepunguziwa kodi anageuka nyapara. Anapanga foleni ya kuanika nguo, anaripoti nani kaleta mgeni, na siku akichelewa kodi yake mwenyewe hakuna wa kumripoti. Nimeishi na mmoja. Tulihama watatu kwa mwezi mmoja.

Msimamizi_Kazini

Wote mna haki. Nyapara anatokea pale kazi haikuandikwa. Ukimwambia "niangalizie nyumba," atajitafsiria. Mwandikie: unashika funguo za apatimenti iliyo wazi, unamfungulia fundi, unanitumia picha ya mita na tanki kila mwisho wa mwezi, basi. Nani kaleta mgeni si kazi yako. Na usimpunguzie kodi. Alipe kodi yake kamili kama wenzake, wewe umlipe ujira wake kando. Akizembea unasitisha ujira, mkataba wa nyumba hauguswi.

Karani_wa_Baraza

Nimefanya kazi kwenye mambo haya, nitasema machache.

Mkataba wa pango uwe na jina lako, hata kama mwingine ndiye anayepeleka karatasi. Ukitaka mtu asaini au asimame kwenye shauri kwa niaba yako, mpe hati ya uwakala iliyoandaliwa na wakili, na iseme wazi anachoruhusiwa na asichoruhusiwa. Usitoe hati ya jumla ya "kufanya lolote". Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa apatimenti ya 250,000 ni 30,000. Watu wanaikwepa, halafu siku ya kesi karatasi yao inawekewa pingamizi.

Mpangaji akigoma kulipa, usimwachie msimamizi afunge kufuli au aezue bati. Atakayeshitakiwa ni wewe. Njia ni kuanza na baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo umbali wa Dodoma utausikia, maana tarehe zinaahirishwa, na nauli ya 62,000 hujui utailipa mara ngapi.

Wenye fremu kama Mzee: ukipangisha kampuni, itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango kabla ya kukulipa. Dai cheti cha zuio kila mara. Msimamizi akizipokea hizo hela, vyeti vingi huishia kwenye droo yake.

MamaWaSegerea

Nimesoma zote mara mbili, moja na mume wangu. Anacheka tu.

Tumeamua hivi. Kodi inaingia akaunti yangu ya benki, hakuna mtu mwingine wa kupokea hata shilingi. Kwenye apatimenti namba mbili kuna dada muuguzi, mwaka wa nne sasa, zamu zake zinamrudisha nyumbani mchana. Nimeongea naye. Namlipa 40,000 kwa mwezi kwa kazi tatu alizozitaja Msimamizi, zimeandikwa, tumesaini. Anaweza kutumia mpaka 30,000 bila kuniuliza, ili MpangajiWaKudumu asije akaoga kwa ndoo kwangu. Zaidi ya hapo anapiga simu. Mimi nitakuja mara nne kwa mwaka. Ukijumlisha ni 728,000, pungufu ya nauli niliyokuwa nimejipigia peke yake. Kijana wa udalali nimemwambia akileta mpangaji atachukua mwezi wake kama kawaida, usimamizi hapana. Amenuna.

Na ile 1,500 ya LUKU nitaitoa kwenye kodi zijazo. 18,000 kwa mwaka kwa kila mita inayokatwa. Mume wangu hilo ndilo limemkata kicheko.

MpangajiWaKudumu

Apatimenti ikiwa wazi nitafute inbox. Sitanii.

FundiBomba_Buguruni

Na karo?

MamaWaSegerea

Limenyonywa leo asubuhi kabla sijaanza kufunga mizigo. Gari la maji taka limekwama getini saa nzima, limeondoka na nguzo moja ya geti. Una namba ya fundi wa kuchomelea?