Jukwaa la stesheni: zege la kumwaga palepale au slabu za kiwandani?

NondoKumi:
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Majukwaa ya abiria kwenye stesheni za treni mbona mengi siku hizi yanapangwa slabu zilizokuja zimeshatengenezwa kiwandani, zege la kumwaga palepale lina shida gani? Mi nimezoea nyumba, unafunga mbao unasuka nondo unamwaga, naona kama wanaongeza gharama tu.

MzeeWaReli:
Mkuu shida sio zege, shida ni treni. Nguvu ya zege inapimwa likifikisha siku 28, na wiki ile ya kwanza lazima ulimwagilie, sasa mbao na miti ya kuegemeza vikae hapo karibu kabisa na treni zinapopita muda wote huo? Labda ufunge njia. Slabu imeshakomaa kiwandani, inakuja usiku treni zimesimama, kreni inashusha, usiku mwingine vilevile mpaka mnamaliza. Na sio mambo ya juzi haya, Uingereza pale Exmouth Junction kampuni ya reli ilikuwa na karakana yake ya zege toka kabla ya vita kuu ya pili, wanatoa vipande vya majukwaa na nguzo za uzio.

Zege_Safi:
Naongezea hapo kwenye vipimo. Ukingo ukitokeza kidogo tu behewa linakwangua, ukirudi ndani pengo linakuwa kubwa mtu anatumbukiza mguu. Uingereza kimo cha kawaida ni milimita 915 toka juu ya reli, Ulaya kwingine 550 au 760, na mbao ikivimba wakati unamwaga umeshapoteza kipimo. Halafu jamani mteremko!! Uso wa jukwaa uinamie upande wa mbali na reli, maji yaende kwenye mfereji na kigari cha mtoto kikiachiwa kisiserereke kuelekea kwenye reli, hili naomba mtu yeyote anayejenga asilipuuze.

NondoKumi:
Aisee sikuwaza kabisa hilo la kigari. Kwa hiyo jukwaa zima ni slabu?

MzeeWaReli:
Hapana, mara nyingi ukingo ndo slabu, nyuma yake mnajaza kifusi mnashindilia tabaka kwa tabaka, juu ndo mnamwaga zege mnalichana na fagio lisiteleze. Wengi wanaharibia kwenye kushindilia, kifusi kikititia slabu zinapishana na mtu anajikwaa palepale pembeni ya reli.