Kondoo wamepauka na kuvimba taya, dawa ya minyoo haisaidii: naomba ushauri

Mfugaji wa Pangani
Ndugu wafugaji, salaam. Nina kondoo 19 na ndama watatu, wote wakilisha kwenye bonde moja lenye majani mabichi mwaka mzima. Tangu masika yakolee, kondoo wanadhoofu mmoja baada ya mwingine. Hawaharishi na wanakula, lakini hubaki nyuma ya kundi, na jioni wakirudi baadhi yao huwa na uvimbe laini chini ya taya, mithili ya kifuko cha maji, ambao ifikapo asubuhi umekwisha kupungua. Wawili wamekufa. Huu ni mwaka wa pili nawanywesha albendazoli kila baada ya wiki tatu, chupa moja nikiigawa sawa kwa kundi zima. Je, nizidishe kipimo, nibadili dawa, au hii si minyoo?

Daktari wa Mifugo, Tanga Mjini
Pole sana kwa hasara hiyo. Ninachokishuku kwanza ni minyoo aina ya Haemonchus, ambao hukaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Mmoja hunyonya takribani mililita 0.05 kwa siku, kwa hiyo kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza karibu robo lita kila siku, naye huishiwa damu bila kuharisha. Protini ya damu ikipungua, maji huvuja na kutuama tayani, kwa kuwa mnyama ameinamisha kichwa akila mchana kutwa.

Hata hivyo, minyoo ya ini na magonjwa ya kupe pia hupausha damu, hivyo tupime kwanza. Chukua kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa kondoo kumi, kila kimoja kwenye mfuko wake, ukiweke mahali pa baridi na kukifikisha maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Tanga siku hiyo hiyo. Rudia siku ya 14 baada ya kunywesha. Mayai yakiwa hayajapungua kwa asilimia 95, tutajua kwamba minyoo wamekuwa sugu kwa dawa hiyo. Nasikitika kusema kwamba kugawa chupa sawa kwa wote ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wawe sugu, kwa sababu kondoo mzito hupata dawa pungufu na minyoo wanaopona ndio wanaozaliana.

Wakati ukisubiri majibu, vuta ukope wa chini wa kila kondoo penye mwanga wa jua. Ukiona wekundu, mwache. Ukiona weupe kama karatasi, huyo ndiye wa kutibiwa. Njia hii ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya kondoo na mbuzi, kwa hiyo usiitegemee kwa ndama. Na tafadhali, jike lililo katika mwezi wa kwanza wa mimba usilipe albendazoli, maana huweza kuharibu kijusi.

Mama Ndama, Muheza
Mimi niliacha kukisia uzito siku nilipoazima mizani ya kuning'iniza: dume nililolidhania kilo 30 lilikuwa na 44. Tazama pia hilo bonde lako, ndugu yangu. Kwa joto na unyevu wa huku kwetu, mayai yaliyo kwenye kinyesi huwa mabuu ya kuambukiza ndani ya wiki moja hivi, na mengi hukaa chini, karibu na shina la majani. Usiwaache kondoo wakwangue mpaka udongoni, wala usiwatoe kabla umande haujakauka.

Mzee wa Handeni
Ukitafuta dume jipya, chukua kondoo mwekundu wa Kimasai. Katika miaka ya 1990, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwalinganisha na kondoo aina ya Dorper huko Diani, kwenye pwani ya Kenya yenye unyevu kama wa kwetu, na wekundu wakawastahimili minyoo hawa vizuri zaidi.

Mfugaji wa Pangani
Nawashukuru nyote. Asubuhi hii nimetazama macho yote: sita ni weupe kabisa, wanne nina shaka nao, na tisa ni wekundu ambao kumbe nilikuwa nawanywesha bure. Vinyesi vimekwenda maabara pamoja na vya ndama. Daktari, wale sita niwape dawa ya minyoo ya aina nyingine leo hii, au wanaweza kungoja majibu?

Daktari wa Mifugo, Tanga Mjini
Wasingoje. Mwite afisa mifugo wa kata leo hii awapime uzito na kuwapa levamizoli, ambayo ndiyo dawa ya aina nyingine, kwa kipimo kamili. Usiwape mwenyewe kwa kukisia, kwani ikizidi kidogo tu hudhuru. Wapumzike kivulini, uwaletee majani na maji, usiwaswage kwenda mbali. Wale wanne watazame tena baada ya wiki moja.